Darwin, Speke na Sisi wa Ituri



Kila tunapofundisha juu ya asili ya mwanadamu hapa Bambu, hutokea kijana akauliza: nadharia ya Darwin ni elimu, au ni mawazo ya Wazungu tu? Swali hilo si la kitoto. Mwaka 1838 Darwin alisoma kitabu cha Malthus, kisemacho kwamba watu huongezeka kupita chakula chao. Na Uingereza ya viwanda ilikwisha kumzoeza kuona mashindano kila mahali. Hata usemi kwamba anayefaa zaidi ndiye asalimikaye si wake. Ni wa Spencer, wa mwaka 1864. Lakini udongo ulioiotesha mbegu hautuambii kama matunda ni mabaya. Papa Yohane Paulo II alikiri mwaka 1996 kwamba nadharia hii ni zaidi ya dhana tu.

Linalotuuma sisi ni jingine. Mwaka 1863 Speke alitoa kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile. Humo alidai kwamba wafugaji waliotawala nchi za Maziwa Makuu, aliowaita Wahuma, walikuwa taifa bora lililotoka upande wa Uhabeshi na kuwashinda wakulima. Alitazama sura za nyuso, akaongeza habari za wana wa Nuhu. Naam, hakumhitaji Darwin. Alitumia Biblia yetu wenyewe, nasi tukiri hivyo kabla ya kuwanyoshea kidole wataalamu. Waliomfuata ndio walioivika ngazi hiyo ya mataifa vazi la sayansi. Mwaka 1906 walimweka Ota Benga, Mkongo mwenzetu, katika nyumba ya nyani mjini New York, watu wakaja kumtazama.

Huku kwetu, wakoloni waliwaona Wahema kuwa wazaliwa wa kutawala, Walendu kuwa wa kutumikishwa. Hatusemi vita vya 1999 vilitoka kitabuni. Palikuwa na ardhi, dhahabu na bunduki. Hata hivyo, maneno ya «wageni kutoka Nile» na «washenzi» tuliyasikia kwa masikio yetu.

Juzi kijana mmoja wa chama chetu aliyarudia, kwa upole kabisa, kama anayesoma somo. Tukamwuliza ameyapata wapi. Kwa babu yake. Na babu? Alifundishwa shuleni.