Kompyuta Ikikata Muziki, Usipige Ramli

Juma hili nina barua ya mwanafunzi mmoja wa Tiwi, huko Matuga katika Kaunti ya Kwale, nami nimeona haifai kungoja zamu yake. Anasema kwao kuna kompyuta ndogo kuukuu, ambayo betri yake imekufa kitambo, na kazi yake kubwa nyumbani ni muziki. Likizo iliyopita walihamishia humo kanda za marehemu babu yao: taarab za Zein l'Abdin na Juma Bhalo, bango la Mzee Ngala, na, cha thamani kuliko vyote, kanda mbili ambazo babu mwenyewe anasikika akiongoza sengenya kwenye arusi ya shangazi yao. Tangu siku hizo programu ya muziki haitulii. Wakiifungua, huimba nyimbo mbili tatu, kisha hujifunga ghafla bila ya kuaga. Fundi mmoja amewaambia dawa ni kuifuta mashine yote na kuianza upya, na Jumamosi wanampelekea. Kanda zenyewe, anaongeza chini kabisa ya barua, zimeanza kuota ukungu.

Ndugu yangu, kama hukufanya jambo jingine lolote kwa shauri langu, fanya hili: usiipeleke mashine hiyo kokote kabla ya kunakili nyimbo zote mahali pengine. Kufuta mashine na kuianza upya ni kufuta na sauti ya babu. Programu ya muziki hupatikana tena bure kwa dakika tano. Sengenya ya arusi ya shangazi haipatikani dukani, si Ukunda, si Mombasa. Nakili kwenye flashi mbili, moja ikae nyumbani na nyingine ipelekwe kwa jamaa aliye mbali, hata kama ni ng'ambo ya Likoni. Halafu fungua hizo flashi kwenye kompyuta nyingine uhakikishe kwamba zinasomeka. Ikiwa kuna faili inayokataa kunakiliwa, iandike jina lake kwenye karatasi, maana huenda umekwisha kumkamata mwizi kabla ya msako kuanza.

Sasa tuingie kwenye ugonjwa. Mafundi wengi hupiga ramli. Wakisikia muziki umekatika, wa kwanza atasema ni virusi, wa pili kumbukumbu ni ndogo, wa tatu atataka kufuta kila kitu, kwa sababu ukifuta kila kitu hakuna atakayekuuliza kosa lilikuwa wapi. Mimi nakuomba ufanye kama daktari anavyofanya, uulize maswali kwanza.

Swali la awali ni hili: kitu gani hasa hufa? Watu husema "imekwama" kwa mambo matatu yasiyohusiana. Ikiwa dirisha la programu limeganda na halijibu, lakini wimbo au kishale bado kipo, huko ni kukwama, na mara nyingi mashine inangoja kitu ambacho hakiji, kama vile flashi iliyochomolewa mapema. Ikiwa dirisha limetoweka na mengine yote yanaendelea, hiyo ni programu kujifunga, na ndiyo hali ya mwandishi wetu. Ikiwa mashine nzima imezimika, achana na programu kabisa. Tazama joto, vumbi ndani ya feni, na waya wa umeme. Sisi wa pwani tuna hewa yenye chumvi na unyevu ambayo hula chuma polepole, na kompyuta inayokaa karibu na dirisha la upande wa bahari huonja zaidi. Wale vijana wanaopiga muziki arusini kwa jenereta nao wajue kwamba umeme unaopanda na kushuka unaweza kuizima mashine ambayo haina kasoro yoyote ndani.

Swali la pili ni kama hufa kwenye wimbo mmoja au kwenye zote, na hapa ndipo siri nyingi hufichuka. Chukua wimbo mmoja ambao hauna shaka, ulionunua au uliotoka kwa rafiki, uweke peke yake kwenye folda mpya, uucheze kwa saa nzima ukijirudia. Ukimalizika salama, programu yako ni nzima na tatizo limo katika nyimbo. Ukikatika vilevile, tatizo ni programu au mashine.

Kisha jaribu programu nyingine. Mimi hupendekeza VLC, ambayo ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja huko Ufaransa na ikatolewa bure kwa ulimwengu mwaka 2001. Sababu ya kuichagua ni kwamba inabeba wafasiri wake yenyewe. Maana, msomaji, sauti iliyo ndani ya faili imeandikwa kwa lugha ya siri, na lazima awepo mfasiri wa kuigeuza iwe muziki. Programu nyingine hutegemea wafasiri waliomo katika Windows, na kama mtu aliwahi kupakia furushi la wafasiri kutoka mahali asipopajua, wawili wanaweza kugombania wimbo mmoja na programu ikaanguka. VLC ikicheza kile ambacho nyingine imeshindwa, wafasiri hao ndio wa kushukiwa kwanza. Nasema kushukiwa, kwa sababu VLC ina tabia nyingine: ni mvumilivu mno. Faili iliyovunjika, ambayo wenzake huianguka, yeye huweza kuiruka au kuicheza vipande. Kwa hiyo isikudanganye kwamba wimbo ni mzima.

Wapenzi wa Winamp, najua mko. Programu hiyo ilitoka mwaka 1997, na wengi waliokulia kwenye saiba za miaka ile bado wanaipenda kama nguo ya Idi. Ikikusumbua, angalia vijalizo ulivyoipachika: vionyesha taa, vibadilisha sauti na mengineyo. Viondoe vyote, kisha rudisha kimoja kimoja. Kile kitakachorudi pamoja na ugonjwa ndicho chenyewe.

Kompyuta yenyewe pia huweka kumbukumbu za ajali. Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, na katika kisanduku kinachofunguka andika perfmon /rel kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Utaona chati ya siku kwa siku, na alama nyekundu penye anguko. Bonyeza siku hiyo, utasoma jina la programu iliyoanguka na, ukifungua maelezo, jina la kipande kilichoiangusha. Kama ni programu moja tu kila mara, umeshapunguza msitu. Kama leo ni muziki, jana ni ya kuandikia na juzi ni ya intaneti, basi diski au kumbukumbu ya mashine inachakaa, na hapo ndipo fundi mwema anahitajika. Lakini usikimbilie kuamuru Windows iikarabati diski kabla hujanakili mali yako, hasa ukisikia diski inagonga tik-tik. Ukarabati huisukuma diski isome kila kona, na diski mgonjwa inaweza kufia humo humo.

Nirudi Tiwi. Barua ina dalili mbili zinazonivutia. Kwanza, ugonjwa ulianza mara tu kanda zilipohamishwa. Pili, mwandishi anasema kwamba wakati wa kazi hiyo stima ilipotea mara mbili, na tumekwisha kusikia kwamba betri imekufa. Yaani kila stima ilipokwenda, kompyuta nayo ilikwenda papo hapo, kalamu ikiwa bado mkononi.

Hapa tusimame kidogo. Faili za aina ya WAV, ambazo watu huzitumia kuhamisha kanda kwa kuwa hazibani sauti, zina kichwa kifupi mbele chenye maelezo, na humo mmeandikwa urefu wa faili. Programu nyingi za kurekodi hujaza urefu huo mwishoni, kazi ikishakamilika. Stima ikikatika kabla ya hapo, faili hubaki na kichwa kinachosema uongo: ama sauti haipo kabisa, ama iko nyingi kuliko ilivyo. Programu iliyoundwa kwa uangalifu itakataa faili hiyo kwa adabu. Iliyoundwa ovyo itafuata urefu wa uongo hadi mahali pasipo na kitu, ianguke. MP3 ni tofauti. Yenyewe ni kama tasbihi: vipande vidogo vidogo, kila kimoja cha chini ya sehemu 30 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000, na kila kimoja kina maelezo yake. Uzi ukikatika katikati, punje zilizobaki bado zahesabika.

Lakini, utauliza, mbona programu hufa hata nikicheza wimbo wa Juma Bhalo ulio mzima? Kwa sababu programu nyingi za muziki hazingoji ucheze. Huku ukisikiliza, zinapita kwenye folda yote kimyakimya, zikisoma majina na picha za kila wimbo ili ziandike daftari lao. Zikifika kwenye faili iliyovunjika, zinajikwaa. Ndiyo maana unapata nyimbo mbili tatu kwanza. Hata picha ya jalada iliyobandikwa kwenye MP3, ikiwa imeharibika au ni kubwa kupita kiasi, inaweza kuleta anguko la namna hiyo hiyo.

Kumtafuta mkosaji hakuhitaji kucheza nyimbo zote. Gawa folda nafasi mbili. Nusu moja itoe kabisa, iweke mahali ambapo programu haifiki, kisha ujaribu. Ikitulia, mkosaji yumo katika nusu iliyotoka. Ikianguka, yumo iliyobaki. Gawa tena iliyo na kosa, na tena. Nyimbo 200 huisha kwa kugawa mara nane tu. Kwa mwandishi wetu, hata hivyo, kuna njia ya mkato: aanze na kanda zilizokuwa zikihamishwa siku za giza, na atazame ukubwa wa faili. Sauti ya WAV ya kiwango cha sidii hula takriban megabaiti 10 kwa dakika. Upande mmoja wa kanda ya dakika 90, yaani dakika 45, lazima uwe karibu na megabaiti 450. Ukikuta 200, ujue umehifadhi kama dakika 20 tu. Ukikuta sifuri, usijisumbue nayo.

Ukiipata, usiifute! Itoe kwenye folda ya muziki, kisha lifute daftari la programu ili liandikwe upya. Daftari si nyimbo, na kulifuta hakugusi hata wimbo mmoja, ilimradi uwe macho na kile unachokibonyeza. Programu ikitulia baada ya hapo kwa siku mbili tatu, kesi imekwisha, na pesa za fundi mnunulie betri mpya. Isipotulia, rudi kwenye maswali ya juu, kwa mpangilio ule ule.

Imebaki faili iliyovunjika yenyewe, na humo, kwa makisio yangu, ndimo alimo babu. Pakia programu iitwayo Audacity, ambayo nayo ni ya bure. Usiifungue faili kwa njia ya kawaida. Nenda kwenye menyu ya kwanza, kifungu cha kuingiza, uchague palipoandikwa Raw Data, maana yake sauti ghafi, isiyosomwa kichwa. Itakuuliza sauti ilirekodiwaje. Kwa kawaida jibu ni biti 16, stereo, na 44100. Ukisikia mvumo mtupu kama wa bahari ya kusi, rudia ubadilishe jibu moja. Ukisikia sauti ya mtu lakini iko mbio kama ya mtoto, au nzito kama ya jitu, ni ile namba ya 44100 isiyolingana, au umechagua stereo badala ya mono, au mono badala ya stereo. Mwanzoni kutakuwa na mgongano mdogo wa kufumba na kufumbua. Hicho ndicho kile kichwa chenye uongo, kikichezwa kana kwamba ni muziki. Kikate, uhifadhi kilichobaki kwa jina jipya, na ukinakili tena kwenye zile flashi mbili.

Njia hii huokoa kile tu kilichowahi kufika kwenye diski. Dakika ambazo stima ilizimeza haziko humo, zimo kwenye kanda. Kwa hiyo kanda hizo msizitupe, ukungu au pasi na ukungu. Msizitie kwenye redio nzuri zikiwa chafu vile, kwa sababu uchafu hushika kwenye kichwa cha kusomea na kuharibu kanda inayofuata. Zikae mahali pakavu, mbali na jua na mbali na spika kubwa, kwani sumaku ya spika hufuta. Tafuteni mtu mwenye kuzijua kanda azisafishe, na siku ya kuzihamisha upya, kompyuta iwe na betri inayoshika chaji.