Redio ya gari la familia: kazi isiyoonekana ndiyo ya kukaguliwa zaidi



Ndugu msomaji, mara mbili kwa mwezi humpeleka baba yetu mzazi kliniki. Yeye huketi safu ya pili ya gari letu, Toyota Noah ya mwaka 1999, katikati ya wajukuu zake wawili. Umri wake umepita miaka 70 na sikio la kushoto limekuwa zito. Njiani hupenda kusikiliza taarifa ya habari, na baada yake mawaidha. Kwa muda mrefu safari hiyo ilikuwa na swali moja lisilokwisha: “Wanasema nini hao?” Tukiongeza sauti, redio hukoroma; tukiipunguza, mzee hasikii. Mwishowe akaacha kuuliza, akawa anatazama nje dirishani. Ukimya wake ndio uliotusukuma kulishughulikia jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona dogo.

Kwanza tufahamu kwa nini redio hizi hutusumbua. Magari mengi tunayoyatumia yalitengenezwa kwa ajili ya watu wa Japani. Huko, matangazo ya FM yalipangiwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, na katika miaka ya karibuni yakasogezwa hadi 95. Kwetu vituo hurushwa kuanzia takribani 88 hadi 108. Kwa hiyo redio nzima, isiyo na kasoro yoyote, hufika hapa ikiwa haiwezi kunasa vituo vyetu vingi.

Pili, ni nguvu yake. Usoni huweza kuandikwa wati 50 mara nne, lakini gari lina umeme wa takribani volti 12 hadi 14, na kwa umeme huo redio ya kawaida hutoa kwa hakika wati 15 hadi 20 tu kwa kila spika kabla haijaanza kukwaruza. Tatu, ni spika zenyewe. Nyingi za kiwandani zina koni ya karatasi, na karatasi iliyokaa mlangoni zaidi ya miaka 20, ikipigwa na joto mchana na unyevu wakati wa mvua, hulegea na kuchanika.

Baadhi ya ndugu walitushauri tung'oe redio yote tuweke yenye kioo kikubwa. Tulikataa, na sababu zetu zilikuwa tatu. Redio inayong'aa huwaita wezi, na gari letu hulala nje. Pia gari hili huazimwa na majirani kwa ajili ya wagonjwa na misiba, nasi hatukupenda liwe na kitu cha kuwashangaza abiria au kumvuta macho dereva. Zaidi ya hayo, dashibodi ikishakatwa hairudi ilivyokuwa, na siku ya kuliuza gari mnunuzi hutazama hapo kwanza. Tulitaka sauti ibadilike na sura ibaki vilevile.

Tukampata fundi kijana, mwepesi wa mikono. Kwa siku moja alifunga spika mpya nyuma ya nyavu zilezile za zamani, akaweka amplifaya ndogo mahali pasipoonekana, akatuwashia. Sauti ilikuwa safi kuliko tulivyotarajia. Tulizunguka gari, tukachungulia huku na huku, hatukuona waya hata mmoja. Tukamsifu mno kwa unadhifu wake, tukamlipa, tukamwombea dua. Hatukumwuliza swali hata moja.

Wiki ya tatu, tukitoka kliniki, mtoto wetu mdogo alisema, “Baba, kuna kitu kinanuka.” Kabla hatujajibu, moshi mwembamba ukatoka chini ya zulia la gari. Tulisimama kando ya barabara, tukamshusha mzee kwa kumbeba nusunusu, watoto wakakimbilia ng'ambo ya mtaro, kisha tukafungua waya wa betri. Alhamdulillahi hakuna aliyedhurika. Lakini mzee alisimama pale juani akiegemea fimbo yake, naye alikuwa amepanda gari hilo kwa kutuamini sisi.

Fundi wa pili, mtu mzima mwenye karakana ndogo, alifunua zulia na kutuonyesha. Waya wa umeme wa amplifaya ulitoka moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Ulipitishwa kwenye tundu la bati lisilo na mpira wa kuukinga. Tena katika Noah za toleo lile injini iko chini ya viti vya mbele, na waya ulipita karibu na joto lake. Kila gari lilipotikisika, bati liliukata ganda kidogo kidogo, mpaka shaba ikagusa bodi. Betri ya gari ina uwezo wa kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya usio na fyuzi hugeuka kuwa kama waya wa pasi ya umeme, mwekundu kwa moto.

Tukamwambia, “Mzee, mbona kazi ilionekana nzuri?” Akajibu bila kuinua kichwa, “Ustadh, nyinyi mlikagua kava. Kazi iko chini ya kava.”

Tumelitafakari jibu hilo kwa siku nyingi. Kazi iliyo wazi hulindwa na macho ya watu. Fundi akipinda kona, mteja ataona. Kazi iliyofichwa haina mlinzi ila uaminifu wa aliyeifanya, na mwangaza wa taa kabla haijafunikwa. Anayetaka mabadiliko yasionekane ameomba kitu kinachohitaji uangalifu zaidi. Sisi tulidhani kutokuona kitu ndiyo alama ya ubora, na hapo ndipo tulipokosea. Hatumlaumu kijana peke yake.

Basi kazi ikaanza upya, mara hii sisi tukiwa tumechuchumaa kando yake. Tunayaandika tuliyojifunza kwa mpangilio, ili familia yenye nia kama yetu isianzie tulipoanzia sisi.

Hatua ya kwanza ni spika, kwa kuwa hapo ndipo fedha kidogo huleta tofauti kubwa. Spika nyingi za milango ya Toyota ni za duara za inchi 6 na nusu, au za yai za inchi 6 kwa 9, lakini usinunue kwa kukisia. Fungua mlango, pima upana na pia kina, kisha teremsha kioo mpaka chini uone kinapokomea. Spika yenye sumaku nene hugongana na kioo. Anayebaki na redio ya kiwandani asiangalie wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Aangalie desibeli ambazo spika hutoa kwa wati moja. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu maradufu. Spika ya desibeli 92 inayopewa wati 10 hutoa sauti sawa na ya desibeli 89 inayopewa wati 20. Kwa redio dhaifu, hiyo ndiyo siri.

Kuna kosa dogo linalofanywa mara nyingi hapa, nalo ni kugeuza chanya na hasi kwenye spika moja. Spika ya kulia ikisukuma hewa, ya kushoto huivuta, na sauti nzito hupotea hata kama spika ni za thamani. Fundi wetu alilipima hili kwa betri ndogo ya volti moja na nusu. Ukigusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwa nukta moja tu, koni husogea nje. Ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa.

Hatua ya pili ni mlango wenyewe. Mlango ni debe lenye matundu. Sauti inayotoka nyuma ya spika hupenya kwenye matundu hayo, ikakutana na ile ya mbele na kuidhoofisha. Na bati likicheza, maneno huvurugika. Tulibandika vipande vya mpira mzito wenye gundi juu ya bati, tukaziba matundu makubwa. Lakini chini kabisa ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua, navyo haviguswi. Ukiviziba, maji hukaa ndani na mlango huoza kwa kutu. Kazi hii ndiyo iliyotushangaza zaidi. Kabla ya amplifaya kurudishwa, maneno ya mtangazaji yalikuwa tayari yanasikika waziwazi kwenye safu ya pili.

Hatua ya tatu ni masafa. Kuna kisanduku kidogo, kisichozidi ukubwa wa kiberiti kwa mbali, kinachofungwa nyuma ya redio kwenye waya wa antena. Kazi yake ni kuyashusha masafa kwa kiasi maalumu. Kile kinachoshusha kwa 20, kituo cha 100 utakipata kwenye 80. Kina mipaka yake: redio inayosoma 76 hadi 90 itapata kwa njia hiyo vituo kuanzia 96 kwenda juu, na vilivyo kati ya 90 na 96 vitakosekana. Kwa hiyo andika kwanza vituo ambavyo nyumba yako husikiliza, kisha uchague kisanduku kinachovifikia.

Kabla redio haijachomolewa, uliza swali moja: je, ni miongoni mwa zile zinazojifunga zikikatiwa umeme na kudai namba ya siri? Baadhi ya redio za Kijapani huwa hivyo, na wapo waliotoa betri kwa dakika 10 wakapoteza redio nzima.

Hatua ya nne, na si lazima kwa kila mtu, ni amplifaya. Zipo ndogo zinazopokea sauti kutoka kwenye nyaya za spika za redio ileile ya kiwandani, kwa hiyo dashibodi haiguswi. Yetu ilihamishiwa nyuma ya kava la ubavuni, mbali na injini, ikafungwa kwa bolti na kuachiwa nafasi ya hewa. Ilipewa waya mpya wa milimita za mraba 6 na fyuzi ya ampea 30. Fyuzi iliwekwa karibu na betri, umbali usiozidi sentimita 45, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Wengi huiweka karibu na amplifaya wakidhani inatosha. Hapo huilinda amplifaya, lakini waya mrefu ulio chini ya miguu ya watoto hubaki wazi.

Ndugu msomaji, ukimpelekea fundi gari, mwombe kwa adabu asirudishe kava lolote mpaka umeyaona haya kwa macho yako:

1. Fyuzi iko karibu na betri, na ukubwa wake unalingana na waya.

2. Kila waya unaopita kwenye tundu la bati umewekewa mpira wa kuukinga, na umefungwa usining'inie.

3. Viungo vimebanwa au kulehemiwa kwa risasi na kufunikwa. Nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu hazikubaliki, kwani joto la gari huiyeyusha gundi.

4. Waya wa hasi umefungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi, kwa bolti iliyokaza.

5. Nyaya na soketi za rangi ya njano hazikuguswa. Hizo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama.

Fundi mwaminifu hatakasirika. Wa kwetu alifurahi, akatuambia ni mara chache mteja huchuchumaa naye. Piga picha kwa simu kabla ya kufunika, uzihifadhi. Siku gari litakapopata hitilafu, fundi mwingine atajua nini kiko wapi. Na ukimuuzia mtu gari hilo, mkabidhi picha hizo. Mnunuzi naye ana haki ya kujua kilichofichwa.

Neno la mwisho ni juu ya kiasi. Sauti tuliyoitengeneza ni ya waliomo ndani ya gari, si ya mtaa mzima. Watoto wana masikio laini, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwa usikilizaji wa watoto kiwango kisichozidi wastani wa desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, wakati kwa watu wazima ni 80. Kipimo chetu cha nyumbani ni rahisi: ikiwa mama aliyeketi mbele analazimika kupaza sauti ili azungumze na mtoto aliye nyuma, redio imezidi.

Wiki iliyopita tulimpeleka mzee tena. Kwa mtazamaji, gari ni lile lile, redio ni ile ile yenye maandishi ya Kijapani ambayo hatuyasomi, na nyavu za spika zina mikwaruzo ile ile. Tulipofika njia panda, taarifa ya habari ikasomwa. Tulimtazama kwenye kioo. Hakuuliza chochote. Baada ya muda akamgusa mjukuu wake begani, akaanza kumweleza habari ya bei ya mahindi iliyotangazwa, na jinsi ilivyokuwa enzi zake. Wakaendelea kubishana mpaka tukafika kliniki.

Wabillahit-tawfiq.