Kuvu Tunayo, Sumu ya Nini?

Mwaka 2009 nzige wekundu walipokusanyika katika nyanda za Iku-Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na Malagarasi, Tanzania haikuwamwagia sumu. Ndege zilipuliza spora za kuvu iitwayo Metarhizium juu ya hekta zipatazo 10,000, jirani na tembo na viboko wa Katavi, na janga likazimwa. Afrika haikuwahi kupambana na nzige kwa kuvu kwa kiwango kile.

Miaka 11 baadaye nzige wa jangwani wakaivamia Kenya, uvamizi mbaya kuliko wote katika miaka 70. Nasi tukapuliza fenitrothioni na klopirifosi! Klopirifosi, ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa mashambani mwake mwaka huohuo wa 2020. Somalia, nchi tuliyozoea kuihurumia, ilichagua kuvu.

Najua jibu la wakubwa: kuvu ni ya polepole, na kundi la nzige wapevu halisubiri. Ni kweli kwa wapevu. Lakini tunutu, wasio na mabawa bado, walijaa Samburu, Turkana na Marsabit wakitembea ardhini kwa wiki kadhaa. Hao ndio windo hasa la kuvu hii.

Tazama inavyofanya kazi. Spora hunata kwenye gamba la mdudu, huota, hulilainisha gamba kwa vimeng'enya na kulitoboa, kisha huenea katika damu yake. Siku chache tu, mdudu anapoteza hamu ya kula. Wiki moja au mbili, amekufa, na penye unyevu mzoga wake huvaa unga wa kijani wenye spora mpya. Aina iliyotengenezewa dawa ya nzige, iliyopatikana Niger, hushambulia jamii ya nzige na panzi. Nyuki anaendelea na kazi yake. Aina nyingine huishi kwenye mizizi ya mimea, na mwaka 2012 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba huipelekea mimea naitrojeni kutoka kwa wadudu ziliowaua. Sumu gani ya dukani inarutubisha mmea?

Utaalamu wenyewe tunao Nairobi. ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, imechambua kuvu hizi kwa miongo. Aina yake iitwayo ICIPE 69, iliyotoka kwenye udongo wa Kongo, leo ni dawa ya vithiripi na nzi wa matunda. Brazili hupuliza Metarhizium kwenye zaidi ya hekta milioni moja za miwa kila mwaka. Kwetu, mkulima wa nyanya akiingia agroveti anakabidhiwa sumu kwanza, na mara nyingi hata glavu haambiwi avae.

Jua kali huua spora, na dawa yake hutaka hifadhi ya ubaridi. Basi mkulima apulize jioni, na afisa ugani amfundishe! Serikali zinazotumia fedha za umma kununua sumu ya viwavijeshi na nzige haziwezi kutuambia kwamba jokofu limezishinda.

Ninachodai ni hiki: kila bajeti ya dharura ya wadudu itenge fungu la kuvu, na shehena hiyo iwe ghalani kabla ya mvua. Katika mchanga wenye joto na unyevu, mayai ya nzige huanguliwa kwa takriban wiki mbili. Zabuni ya serikali huchukua miezi.