Tuujue Mpapindi Kabla Haujatoweka

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili twalisikia sana katika mambo ya fedha. Leo yafaa tulielekeze katika Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya Pemba.

Humo huota mpapindi, mmea wa jamaa ya mnazi na mpopoo, ambao kwa asili hauoti popote duniani ila Pemba. Jina walilipa wazee wa huko. Mtaalamu wa Marekani, Harold E. Moore, aliuingiza katika vitabu vya elimu mwaka 1962. Sasa umo katika Orodha Nyekundu ya kimataifa ya viumbe vinavyokabiliwa na hatari ya kutoweka. Basi daftari lipo. Wasomaji wake ndio wachache.

Alama zake si ngumu. Mpopoo husimama kwa shina moja. Mpapindi huchipua mashina kadhaa mahali pamoja. Maua yake hutoka kwa vishada, na tunda likiiva huwa jekundu. Nduguye wa Madagaska, apandwaye bustanini kwa mapambo, naye ana mashina mengi, lakini tunda lake ni la manjano.

Kwa nini mfanyakazi asumbuke na haya? Kwa sababu dhoruba ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Mikarafuu imelisha watu, wala hatuilaumu. Lakini misitu ilirudi nyuma, na Ngezi imebaki yapata hekta 1,440 tu. Katika eneo dogo namna hiyo, panga la mtu asiyejua akatacho laweza kumaliza kisichopatikana kwingine.

Wala tusikate tamaa. Mwaka 1989 ilihofiwa kwamba popo wa Pemba wamebaki wachache mno. Wanavijiji waliunda vikundi vya kuwalinda, na baada ya miaka 20 hivi wakakadiriwa kufika karibu 20,000. Popo waliokolewa na majirani zao.

Kwa hiyo twataka mambo mawili: skuli za Pemba ziwaonyeshe watoto mpapindi kwa macho, na vitalu vya miche vioteshe mbegu zake. Mlinzi wa msitu ni mmoja. Wakata kuni ni wengi. Wote waujue.