Tusisifu Wala Tusilaani Kitabu Tusichokisoma



Mwishoni mwa mikutano yetu, baada ya matangazo na kabla ya sala ya kufunga, imezoeleka sasa kutenga dakika chache ili kila anayesoma kitabu asimame na kuwaeleza wenzake. Ni desturi njema, nasi tulikuwa miongoni mwa walioiomba. Lakini tumeketi kwenye benchi la nyuma kwa miezi mingi tukisikiliza, na yatupasa kunena bila kuficha: desturi hiyo imegeuka kuwa mchezo wa makofi. Anasimama mmoja, anataja jina la kitabu, anasema ni kizuri sana, kinagusa moyo, kila kijana akisome. Makofi. Anasimama wa pili, naye chake ni kizuri sana. Makofi tena. Siku moja tulimwuliza msemaji, kwa upole, ni nani aliyekufa katika hadithi yake, maana jalada lilikuwa na picha ya jeneza. Hakujua. Tulidhani bado hajafika mahali hapo. Tulipoendelea kumwuliza ikaonekana hajaanza kabisa. Wenzake walicheka, nasi tukacheka, na mkutano ukafungwa kwa Salamu Maria.

Hapakuwa mahali pa kucheka. Tunaifundisha amri ya nane kana kwamba inahusu baraza la mahakimu na masengenyo ya kisimani tu, lakini anayemwambia mwenzake asome kitabu fulani anatoa ushahidi, na mwenzake atautegemea. Kijana wa Kirungu anayenunua kitabu kilichopanda mlima kutoka bandarini Moba analipa fedha ambayo ingenunua unga na sabuni. Kisha anatoa jioni zake, akisoma kwa taa ndogo baada ya kazi za shamba na za nyumbani. Ikiwa tumemtuma huko kwa kitabu ambacho hata sisi hatujakifunua, tumemwibia mara mbili, na wizi wa jioni zake haulipiki.

Atatokea mtu aseme kwamba tunakuza jambo dogo. Basi na tumtazame Mtakatifu Augustino, Mwafrika, kama anavyojieleza mwenyewe katika Maungamo. Mwaka 386 alikuwa Milano pamoja na rafiki yake Alipio, akiwa bado anasitasita mlangoni pa imani. Akaja kuwatembelea Mwafrika mwenzao, Ponticianus, mtumishi wa jumba la kaisari, kwa shauri lingine kabisa. Akaona kitabu juu ya meza ya michezo, akakifunua, akashangaa kukuta ni nyaraka za Paulo. Mazungumzo yakaanzia hapo. Ponticianus akawasimulia habari za Antonio wa Misri, ambaye wawili hao hawakuwa wamemsikia kamwe. Akawaeleza pia jinsi wenzake wawili, wakitembea kwenye bustani karibu na kuta za mji wa Trier, walivyoingia katika kijumba, wakakuta kitabu cha maisha ya huyo Antonio, na mmoja wao akaanza kusoma. Kabla jua halijatua wote wawili walikuwa wameacha kazi ya serikali.

Ponticianus hakusema kitabu ni kizuri. Alisema kilikutwa wapi, nani alikisoma, na kilimfanya nini mtu anayemjua kwa jina na kwa sura. Wala hakuficha kwamba yeye mwenyewe alirudi zake kazini siku ile, akilia. Hii ndiyo namna ya kupendekeza kitabu. Ponticianus alipoondoka, Augustino aliingia bustanini, Alipio akimfuata, na yaliyofuata Kanisa zima linayajua.

Hayo ni juu ya sifa. Upande wa pili ni lawama, na hapo mkosaji wa kwanza ni sisi tunaoandika mistari hii.

Miaka ipatayo kumi iliyopita, msichana wa kikundi chetu, mwanafunzi wa ualimu, alituletea riwaya iliyovuka ziwa kutoka Tanzania. Ilikuwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Akauliza, “Mwalimu, naweza kuisoma?” Tulikuwa tumesikia, kwa kusikia tu, kwamba kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni nchini mwao. Tukamwambia akiweke mbali. Hatukutosheka na hilo: Jumapili iliyofuata tukasimama mbele ya vijana wote tukawaonya juu ya vitabu vinavyotumia jina la Bikira Maria kusimulia machafu. Tulisema vizuri. Tulipigiwa makofi, sisi pia.

Baadaye sana, tukiwa na homa na bila cha kusoma, tulikiona kitabu kile kile nyumbani kwa mwalimu mwenzetu tukakisoma kwa siku tatu. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikichapisha mwaka 1971. Jina amelitoa katika litania ya Mama Maria. Ndani yake yumo baba mlevi anayempiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana, akidhani kipigo ndicho kitakachomlinda. Binti anaondoka nyumbani bila kujua lolote la dunia, na wakubwa waliopaswa kumlinda ndio wanaomwangusha. Mwisho wake ni kifo. Ni kweli kwamba yamo mambo ya kuhuzunisha, na mengine yameandikwa waziwazi kuliko tulivyozoea. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili hatukipendekezi. Lakini tuliofundisha ualimu kwa miaka mingi tuliziona nyuso tunazozijua katika kila sura. Kitabu tulichokiita kichafu kilikuwa kinatushtaki sisi: wazazi, walimu, makatekista. Huko Tanzania kwenyewe marufuku ile iliondolewa, na riwaya ikarudi mikononi mwa wanafunzi wa sekondari.

Tulimtafuta yule msichana tumwombe radhi. Alikuwa ameolewa na kuhamia Kalemie. Tulipoonana alitusamehe kwa maneno machache, akatupa chai. Hajatuletea kitabu kingine.

Wapo viongozi wenzetu watakaosema kwamba dawa ni rahisi: vijana wasome vitabu vya dini tu, na riwaya waziachie wasio na kazi. Kwao tunajibu kwa barua ya Baba Mtakatifu Fransisko ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Alikuwa amekusudia kuwaandikia walioko katika malezi ya upadre, kisha akaona jambo lenyewe linawahusu Wakristo wote. Humo anasimulia kwamba akiwa na umri wa miaka 28 alifundisha fasihi katika shule ya Wayesuiti huko Santa Fe, Argentina. Wanafunzi hawakuutaka utenzi wa kale wa El Cid uliokuwa katika programu; walimtaka García Lorca. Akawaruhusu wausome ule wa kale nyumbani, na darasani akazungumza nao juu ya waandishi waliowapenda. Hakuwadanganya kwamba kila kitabu ni sawa, wala hakuwafungia mlango. Kiongozi anayemwogopa kijana anayesoma riwaya, na asimwogope kijana asiyesoma chochote, amekosea adui.

Tuje nyumbani. Kila tunapotaja sifa za Kirungu hatukosi kumtaja Padri Stefano Kaoze, na ni haki. Mtoto wa milima hii ya Marungu, alipewa upadre hapa hapa, wakati ambapo palikuwa pakiitwa Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917, kwa mikono ya Askofu Victor Roelens. Alikuwa Mkongo wa kwanza kufikia daraja hilo tangu zama za kale za Ufalme wa Kongo. Tunaimba, tunahutubia, tunajipiga kifua. Lakini Kaoze alikuwa pia mwandishi. Akiwa bado mseminari aliandika kwa Kifaransa juu ya saikolojia ya Wabantu, na maandishi yake yakachapishwa Ubelgiji miaka kadhaa kabla ya upadrisho wake, kwa hiyo ni mmoja wa Wakongo wa kwanza kabisa kuchapisha kazi kwa lugha hiyo. Ni nani kati yetu aliyeyasoma? Sisi tumesoma kurasa chache tu, katika nakala iliyofifia, kwa hiyo hatutawasifia kazi nzima. Tutasema hili tu: katika kurasa hizo kijana wa Kitabwa anaeleza jinsi watu wake wanavyofikiri, wakati ambapo wengi walikuwa wakiwaeleza bila kuwauliza. Kumsifu mtu kwa miaka mia na kutokuyasoma maandishi yake ni heshima ya namna gani?

Vitabu ni haba, tunajua. Lakini uhaba huo ndio unaozidisha wajibu. Kikundi chenye vitabu vitano hakina haki ya kudanganyana juu ya hata kimoja. Anayesimama aseme amefika ukurasa gani. Aeleze jambo moja alilojifunza na jambo moja alilolikataa. Kitabu ambacho hukukataa lolote ndani yake, ama ni Injili, ama ulikuwa umelala. Aje nacho mkononi, akitoe kwa atakayekiomba. Na anayetaka kuonya juu ya kitabu, awe ni kiongozi, awe ni katekista mwenye mvi, aonyeshe kwanza kwamba amekisoma mpaka mwisho. Makofi tuyahifadhi kwa kwaya.

Nasi tusikwepe kipimo chetu. Kitabu tulicho nacho wiki hizi ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Mtoto Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri ili kufidia deni, kisha anasafiri na msafara wa biashara hadi ng'ambo ya ziwa, bara, upande wa watu kama sisi. Tumepita katikati. Kwa kurasa nyingi tuliudhika, kwa sababu watu wa bara wanatazamwa kwa macho ya wapwani, na tulikuwa karibu kukifunga. Kisha mtawala wa huko akawanyang'anya wafanyabiashara mali yao, na akatoa sababu: waliowatangulia walimdhulumu. Hapo tuliendelea. Jinsi kitakavyoisha hatujui, na hatutasema.

Tukikimaliza kitakuwa katika chumba cha katekesi, kwenye rafu iliyo karibu na dirisha. Atakayekitaka aandike jina lake katika daftari, na akirudishe kabla mvua hazijaanza, maana dari linavuja upande ule.