Tusiitwishe Qur'an mizigo ya nadharia

 

Ndugu Waislamu, mtu anayesimama ufukweni Ujiji, Katonga au Kibirizi usiku usio na mbalamwezi, huona taa za wavuvi wa dagaa zimetanda juu ya Ziwa Tanganyika mithili ya mji. Mitumbwi haionekani, wala nyavu hazionekani. Hata hivyo, hapana mzawa wa Kigoma anayeshuku kuwa mitumbwi ipo. Huijua kwa mwanga ulioizunguka. Mfano huu utusaidie kulifahamu jambo ambalo vijana wetu hutuuliza majumbani na madrasani, nalo ni mashimo meusi ya angani.

Shimo jeusi si tundu, kama jina lake linavyoashiria. Ni maada nyingi mno iliyojikusanya mahali padogo mno, hata nguvu yake ya mvutano ikazidi kiasi cha mwanga wenyewe kushindwa kutoka. Basi kitu kisichotoa mwanga hujulikanaje? Wataalamu hutazama kile kinacholiangukia. Gesi inayovutwa kutoka katika nyota jirani haiporomoki moja kwa moja, bali huzunguka kwanza, kama maji yanavyozunguka yanapotoka kwenye tundu la beseni. Katika kuzunguka huko gesi husuguana, na msuguano huleta joto, kama viganja viwili vinavyosuguliwa wakati wa baridi. Joto hilo hufikia mamilioni ya nyuzi, na gesi ikatoa mionzi ya eksirei.

Mionzi hiyo ya angani haifiki ardhini, kwa kuwa hewa huizuia. Ilibidi kipelekwe chombo juu ya hewa, na hapa historia inaingia nyumbani kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi, Kenya. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya kujitawala, na chombo kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilizaa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Miongoni mwa vilivyochunguzwa ni kile kiitwacho Cygnus X-1, ambacho kilikuja kukubaliwa na wanasayansi kuwa shimo jeusi. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 viliukadiria uzito wake kuwa mara 21 ya uzito wa jua letu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Kisha tarehe 10 Aprili 2019 ulimwengu ulionyeshwa picha ya kwanza: duara la mwanga, na katikati yake kivuli.

Tangu hapo zimeenea darsa na video zinazosema kwamba mashimo haya yametajwa waziwazi katika Suratut-Takwir, aya ya 15 na 16, mahali ambapo Mwenyezi Mungu (SW) anaapa kwa vyenye kurejea, kwenda na kujificha. Msemaji hushangiliwa, wasikilizaji hupiga takbira, na darsa huishia hapo.

Kwa heshima zote kwa wanaofanya hivyo kwa nia njema, naona njia hii ina hatari. Tukirejea tafsiri za wanazuoni waliotangulia, tunakuta kuwa Sayyidna Ali (RA) amepokewa akisema kwamba hizo ni nyota zinazofichika mchana na kudhihiri usiku. Kutoka kwa Ibn Mas'ud (RA) imepokewa kuwa ni wanyama wa porini. Imam Tabari, baada ya kuzileta kauli hizo, hakuifunga aya katika kauli moja. Ikiwa mabingwa hao waliacha mlango wazi, sisi tunapata wapi ujasiri wa kuufunga kwa habari tuliyoipokea jana kwenye simu?

Zaidi ya hayo, tunayo sunna iliyo bayana. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (SAW), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume (SAW) angeweza kunyamaza, na watu wakazidi kumtukuza. Hakunyamaza. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Alikuwa katika huzuni ya mzazi, lakini hakukubali dini yake ipambwe kwa maelezo yasiyo ya kweli kuhusu mbingu. Je, sisi wafuasi wake tunayo ruhusa ya kufanya alichokikataa yeye?

Huenda msomaji akasema kuwa mashimo meusi sasa yamethibiti, hivyo hapana hofu. Basi tulitazame jambo la pili lililo karibu nayo. Mwaka 1996 wanafizikia Andrew Strominger na Cumrun Vafa walihesabu hali za ndani za aina maalumu ya mashimo meusi yaliyopo kwenye karatasi tu, na jibu lao likaafikiana na kanuni iliyotolewa na Jacob Bekenstein na Stephen Hawking miaka ya 1970. Walitumia hesabu za supasimetria, yaani wazo kwamba kila aina ya chembe ya maumbile ina mwenzake. Mwaka uliofuata Juan Maldacena alipendekeza kuwa baadhi ya nadharia za geji, yaani hesabu zinazoeleza nguvu zinazofungamanisha chembe, zikiunganishwa na supasimetria, huwa ni lugha nyingine ya kuuelezea mvutano wenyewe.

Hesabu hizo ni za ajabu, na zimewafunza wataalamu mambo mengi. Lakini mtambo mkubwa wa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, umekuwa ukigonganisha protoni kwa nguvu kubwa tangu mwaka 2010, na haujamwona hata mmoja wa wenza hao. Sasa tufikiri: mhubiri mwenye haraka angeweza kuichukua aya ya 49 ya Suratudh-Dhariyat, inayozungumzia kuumbwa kwa vitu jozi jozi, akaibandika juu ya supasimetria. Leo angewajibu nini vijana aliowaambia kuwa aya na nadharia hiyo ni kitu kimoja? Nadharia ikianguka, mwanasayansi huandika nyingine. Kijana aliyetundika imani yake juu ya nadharia hiyo ataitundika wapi? Qur'an yenyewe inatukumbusha mara kwa mara kwamba dhana haisimami mahali pa haki.

Simaanishi kuwa Muislamu ageuze uso asitazame mbinguni. La hasha! Qur'an inawasifu wenye akili wanaotafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Lakini kutafakari ni kazi, si kushangilia kazi ya wengine. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alisoma vitabu vya Wagiriki, akavitilia shaka kwa hoja, akapima nuru kwa majaribio, ndipo akaandika Kitab al-Manazir. Hakungoja wengine wagundue ndipo aseme sisi tulikuwa nacho.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa wazazi wa Kigoma na kwingineko ni hii. Mtoto akiuliza kuhusu shimo jeusi, asinyamazishwe kwa aya. Aambiwe lipi limeonekana, lipi limehesabiwa tu, na lipi halijajulikana, kisha ahimizwe kushika hisabati na fizikia, awe wa kiume au wa kike. Asidhani kuwa elimu hiyo ni ya ng'ambo pekee. Kigali, ambako kwa masafa ni karibu nasi kuliko Dar es Salaam, ipo tangu mwaka 2018 taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa misingi ya fizikia, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Inashirikiana na kituo cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1964 na Mpakistani Abdus Salam, mshindi wa Nobeli wa mwaka 1979, ambaye pia ni miongoni mwa waliojenga hesabu za supasimetria. Wanazuoni wana kauli zao kuhusu madhehebu yake, na hapa si mahali pake.

Tuanze na jambo dogo. Kila mwaka tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa zetu, jua huwa juu kabisa ya Al-Kaaba. Mzazi na asimamishe kijiti wima uani, mbele ya watoto wake. Kivuli kitalala upande mmoja, na upande ulio kinyume chake ndiko kibla: kaskazini, kukielekea kidogo mashariki. Wapime, kisha walinganishe na mihrabu ya msikiti wao. Mtoto aliyekipata kibla kwa jua na kijiti atajua kwamba mbingu husomwa kwa kupima, na kwamba kupima huko hakumtoi katika ibada.

Namuomba Mwenyezi Mungu (SW) atuzidishie elimu yenye manufaa, na atuepushe na kusema juu ya Kitabu Chake tusiyoyajua. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.