Nukuu elfu hazibebi njiti (Sehemu ya 4)



Juzi kijana mmoja msomi wa hapa hapa Karagwe kanitumia ujumbe. Eti niache kuandika habari za njiti, niwaachie watafiti. Akaambatanisha na ukurasa wa mtafiti mmoja wa afya ya mama na mtoto: makala ngapi, kanukuliwa mara ngapi, h-index ngapi. Halafu akauliza, "Nesi, wewe una ngapi?"

Sina hata moja. Ila tuulizane kwanza, hiyo h-index ni kitu gani? Ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia anaitwa Jorge Hirsch. Ukiwa na 20, maana yake una makala 20 ambazo kila moja wasomi wenzako wameitaja angalau mara 20. Basi. Inahesabu wasomi wanaosomana. Mama wa Chonyonyo akiutumia utafiti huo na mtoto akapona, hiyo haiingii kwenye hesabu.

Mfano huu hapa. Mei 2021 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti ulioratibiwa na WHO kuhusu kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, ile tunayoita kangaruu. Hospitali 5: Ghana, India, Malawi, Nigeria, na hapa kwetu Muhimbili. Watoto 3,211 waliozaliwa na kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Kundi moja walianza kubebwa mapema baada ya kuzaliwa, karibu saa 17 kwa siku. Kundi la pili walisubiri hali itulie kwanza, kama tulivyofundishwa sisi wote. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 15.7 ya waliosubiri, na asilimia 12.0 ya waliobebwa. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilishaonekana. Mwaka 2022 WHO wakatoa mwongozo mpya.

Sasa niambieni, hizo saa 17 alikaa nani? Profesa? Alikaa mama mwenye kidonda cha operesheni, na mama akizidiwa akakaa ndugu yake. Najua jina la mgonjwa ni siri, wala sidai liandikwe. Nadai jibu limrudie.

Maana mimi mwenyewe, kituo kimoja nilichofanya kazi zamani (sikitaji), nilikuwa wa kwanza kumtoa mama wodini. "Mama toka, unaleta baridi." Mtoto kwenye mashine ya joto, mama wodi nyingine, wanaonana saa ya kunyonyesha tu. Nilidhani nafanya vizuri. Habari za utafiti ule nilizipata zaidi ya mwaka mmoja baadaye, kwenye simu ya mwenzangu, Kiingereza kitupu. Katikati hapo niliwatoa mama wangapi? Sijui, na usiku mwingine hilo linaninyima usingizi.

Sipingi utafiti jamani. Bila namba zile ningekuwa bado nafukuza watu. Ninachopinga ni mtu kupandishwa cheo kwa kusomwa na wenzake, halafu kliniki ambako mama anapima mimba hakuna hata karatasi moja ya Kiswahili ukutani. Chuo kikipima mtafiti kiulize na hilo: majibu yamefika wapi? Yamesomwa na nani asiye na digrii? Kijana wangu, ukurasa ulionitumia haujibu hayo.

Tukirudi kwetu. Wewe mwenye mimba, usisubiri karatasi. Ukijifungua njiti uliza pale pale: "Naweza kumweka kifuani sasa?" Asiyepumua mwenyewe ahudumiwe kwanza, huyo ni habari nyingine. Wengine, muulize mkunga bila woga. Mama mkwe au dada aje akiwa ameelezwa kabisa kwamba naye anaweza kubeba. Na baba pia, kifua unacho.

Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, akae wima katikati ya matiti, shingo isijikunje, uso ugeuke upande. Kitenge kifungwe kimkaze, mwisho wake juu ufike chini ya sikio. Juu yake vaa sweta, huku kwetu asubuhi mnaijua.

Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu kukamua maziwa. Anayetaka kuniuliza h-index yangu tena, aje zamu ya usiku.